Dabu: Wimbo Uliokatwa Ulimi au Ngoma Iliyopewa Nafasi?

Wapenzi wa muziki wa rege hawakosi ubishi, na wale wa Mutanga Nord, mtaa wa kaskazini mashariki mwa jiji la Bujumbura, hawana tofauti na wenzao wa kwingineko. Mwisho wa juma unapofika, kazi zimekwisha na jua limepungua ukali, swali la kwanza barazani huwa lile lile: nani bingwa wa rege?

Wako wasiotaka kusikia jina jingine ila la Bob Marley, ambaye usiku wa kuamkia tarehe 18 Aprili 1980 aliimba katika sherehe za uhuru wa Zimbabwe, na mwaka uliofuata akafariki dunia. Wako wanaosema kwamba Mwafrika hana haja ya kuvuka bahari kutafuta bingwa, maana Lucky Dube wa Afrika Kusini, aliyeuawa Johannesburg mwaka 2007, aliyasema ya bara hili kwa lugha ya bara hili. Waliozoea Kifaransa humtetea Alpha Blondy wa Kodivaa, ambaye mwaka 1986 alitoa santuri ya Jérusalem akiwa na wanamuziki wa The Wailers, wale wale waliokuwa wakimpigia Marley. Na yuko atakayekumbusha kwamba hata jirani Tanzania, katika mkoa wa Kagera, alikuwako Justin Kalikawe.

Ubishi wa majina huisha kwa kicheko. Ubishi wa dabu hauishi hivyo.

Dabu ni ile rege ambayo sauti ya mwimbaji imeondolewa, ama yote ama sehemu kubwa, zikabaki ngoma na gitaa la besi. Kisha kipande cha gitaa au cha kinanda hujitokeza, hupotea, na kurudi kama mwangwi wa mtu anayeita bondeni. Chukua mfano wa mabishano kati ya mwalimu wa sekondari na fundi wa redio, watu wawili wanaoheshimiana.

"Fundi, huu si wimbo," husema mwalimu. "Mwimbaji ameanza neno, nawe umemkata ulimi kabla hajalimaliza. Mtu asiye na neno atanifunza nini?"

"Mwalimu wangu, sikiliza chini," hujibu fundi. "Neno umelisikia miaka yote. Je, yule anayelibeba umewahi kumsikia?"

Ili kumwelewa kila mmoja wao, ni vema kwanza kujua mambo yalianzaje.

ILIVYOANZA

Neno lenyewe latokana na kazi ya kunakili sauti kutoka utepe mmoja au santuri moja kwenda nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika kisiwa cha Jamaika, Ruddy Redwood, mwenye mitambo ya kupigia muziki wa dansi katika mji wa Spanish Town, alikatiwa santuri ya wimbo wa kikundi cha The Paragons katika studio ya Duke Reid. Fundi aliyekuwa zamu alisahau kuiingiza sauti ya waimbaji. Redwood hakuirudisha santuri ile. Aliipeleka dansini, na watu walipoisikia ngoma tupu, wakaanza kuimba wao wenyewe. Tangu hapo ikawa desturi kwamba upande wa kwanza wa santuri una wimbo, na upande wa pili una wimbo huo huo bila mwimbaji.

Aliyeigeuza desturi hiyo kuwa sanaa alikuwa fundi wa redio, jambo ambalo mafundi wa Bujumbura hawaachi kulitaja. Osbourne Ruddock, aliyejulikana kwa jina la King Tubby, alizaliwa mwaka 1941, akajipatia riziki kwa kutengeneza redio na vikuza sauti katika jiji la Kingston. Katika chumba kidogo cha nyumba ya mama yake, mtaa wa Waterhouse, aliweka mtambo wa kuchanganyia sauti wenye njia nne. Kila njia ilibeba sehemu yake ya muziki, naye aliweza kuifunga moja na kuifungua nyingine wimbo ukiendelea. Akiifunga ya mwimbaji, ngoma na besi husimama peke yake. Akiipitisha sauti moja katika kifaa cha mwangwi, hurudi mara tatu, mara nne, hadi inazimika. Hakuwa na gitaa mkononi wala hakuimba. Chombo chake kilikuwa ule mtambo. Aliuawa kwa risasi mwezi Februari 1989, nje ya nyumba yake.

Hapo fundi wetu ana haki. Lakini mwalimu naye hakosi hoja, kwani dabu haikuliua neno. Nafasi iliyoachwa na mwimbaji ilijazwa na wasemaji kama U-Roy, aliyekuwa akizungumza kwa mahadhi juu ya santuri katika dansi za King Tubby, na mwaka 1970 nyimbo zake zikatia fora Jamaika nzima. Baadaye Linton Kwesi Johnson, Mjamaika aliyehamia Uingereza, akazisoma tenzi zake juu ya ngoma na besi, akieleza taabu za watu weusi wa London. Kumbe kunyamaza kwa mmoja kulimpa mwingine zamu ya kusema.

NGOMA ZETU KATIKA SANTURI ZAO

Hoja ya fundi, kwamba aliye chini ndiye anayebeba, yamgusa Mrundi kuliko anavyodhani. Katika Kirundi, neno ingoma lina maana ya ngoma na pia maana ya utawala. Mti unaochongwa ngoma huitwa umuvugangoma, yaani mti uisemeshao ngoma. Katika uchezaji wa ngoma za kifalme, ambao UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014, ngoma ya katikati, inkiranya, huongoza. Zile ziitwazo ibishikizo huifuata, na amashakwe hushikilia mdundo usiokatika. Amezoea Mrundi, basi, kuisikia ngoma ikisema bila kutafsiriwa na mwimbaji. Kinachomshangaza mwalimu katika dabu kingepaswa kuwa kitu cha nyumbani.

Lakini lipo jambo zito zaidi. Mwaka 1967 watafiti kutoka Ufaransa walirekodi wapiga ngoma 25 katika kijiji kimoja cha Burundi, na mwaka 1968 sauti hizo zikatolewa Ufaransa na kampuni ya Ocora katika santuri iitwayo Musique du Burundi. Mwaka 1971 Mfaransa mmoja akazichukua ngoma zile, akaongeza juu yake magitaa na vinanda, akatoa santuri ya Burundi Black kwa jina la Burundi Steiphenson Black. Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada alizitumia ngoma hizo hizo chini ya wimbo wake mmoja. Na ilipofika mwaka 1981, vikundi vya Uingereza kama Adam and the Ants na Bow Wow Wow vilikuwa vikivuma kwa mdundo ambao magazeti ya huko yaliuita mdundo wa Burundi.

Jina la nchi likaenea duniani. Majina ya wale watu 25 hayakuenea.

Msomaji aweza kuuliza: je, hiyo nayo si dabu? Kwa namna fulani ni ndugu yake, maana zote mbili huchukua sauti iliyokwisha kurekodiwa na kuifanya kitu kipya. Ila zina tofauti kubwa. Fundi wa Kingston aliondoa vilivyokuwa juu ili mpiga ngoma na mpiga besi wasikike. Yule wa Burundi Black aliongeza vitu juu, na wapiga ngoma wakawa msingi wa nyumba ambayo mlangoni pameandikwa jina la mtu mwingine.

Hata hivyo, si haki kuwasifu wa Kingston kupita kiasi. Huko nako wanamuziki wa studio walizoea kulipwa kwa kila wimbo waliorekodi, basi. Mdundo waliopiga siku moja uliweza kutolewa tena na tena, na waimbaji tofauti na kwa dabu tofauti, bila wao kupata senti nyingine. Sikio liliwatambua, mfuko haukuwatambua. Hapo ndipo ubishi wa Mutanga Nord unapoacha kuwa wa burudani tu, kwa sababu kumsikia mtu ni hatua ya kwanza, na kumtaja jina na kumpa haki yake ni ya pili.

YA KUFANYA NYUMBANI

Mzazi anayelalamika kwamba dabu ni kelele zisizo na maana, na kijana anayemwona mzazi wake kuwa mtu wa kale, wanaweza kulimaliza shauri lao kwa muda usiozidi saa moja na nusu. Wazitafute santuri mbili za Burning Spear, mwimbaji wa Jamaika aliyechukua jina lake kutokana na Jomo Kenyatta wa Kenya. Ya kwanza ni Marcus Garvey ya mwaka 1975; ya pili, Garvey's Ghost ya mwaka 1976, ina nyimbo zile zile zilizogeuzwa kuwa dabu. Wasikilize wimbo mmoja katika santuri ya kwanza, kisha wausikilize huo huo katika ya pili, na kila mmoja aeleze alichosikia mara ya pili ambacho hakukisikia mara ya kwanza. Sauti isipandishwe mno: besi hupenya kuta, na jirani hakualikwa.

Jambo la pili ni la lazima zaidi. Siku hizi kijana yeyote mwenye simu aweza kurekodi ngoma arusini au katika sherehe ya mtaa, na kabla ya jioni sauti hiyo imekwisha kufika mbali. Wazazi wawafundishe watoto wao kuomba ruhusa kwanza, kisha kuandika pamoja na sauti hiyo majina ya wapiga ngoma, mahali na tarehe. Kazi hiyo haichukui hata dakika tano. Laiti ingalifanywa vema mwaka 1967, na orodha ile ikafuatana na ngoma kila zilikokwenda, leo wajukuu wa watu wale 25 wangekuwa na mahali pa kuanzia kudai kilicho chao.