Samaki Msafishaji: Mdogo wa Umbo, Mkubwa wa Kazi

Anayepiga mbizi katika miamba ya matumbawe kusini mwa Kaunti ya Kwale, kuanzia Shimoni hadi Wasini na Mkwiro, anaweza kushuhudia jambo la kushangaza. Chewa mkubwa husimama kando ya tumbawe, akapanua kinywa na kutulia. Samaki mdogo mwenye mstari mweusi huingia humo, akapita kwenye matamvua na kutoka salama. Chewa, ambaye riziki yake ni samaki wadogo, hamgusi.

Mgeni huyo wa kinywani ni samaki msafishaji, anayeitwa na wanasayansi Labroides dimidiatus. Ana rangi ya samawati, na urefu wake haufiki sentimita 15. Hupatikana kuanzia Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya Pasifiki. Hatafutwi kwa kitoweo, lakini samaki wengi tunaowatafuta kwa kitoweo wanamtegemea yeye.

Kazi yake ni ipi?

Samaki wa mwambani husumbuliwa na vimelea vinavyonyonya damu, kama vile kupe wanavyosumbua ng'ombe malishoni. Samaki hana mkono wa kujikuna. Kwa hivyo humwendea msafishaji, ambaye hukaa mahali pamoja panapojulikana, kama kinyozi na kibanda chake. Pono, kangaja, changu, mkunga na hata taa wakubwa hufika hapo na kungoja zamu. Msafishaji hupata chakula, mteja hupata nafuu.

Katika utafiti uliofanywa kwenye kisiwa cha Lizard, nchini Australia, mwanasayansi Alexandra Grutter alibaini kwamba msafishaji mmoja hula vimelea vipatavyo 1,200 kwa siku.

Uhusiano huu una masharti yake. Msafishaji hupenda zaidi ute unaofunika ngozi ya mteja kuliko vimelea, na mara nyingine huuma ute huo kwa hila. Mteja akihisi ameumwa, hushtuka, humfukuza au huenda kwa msafishaji mwingine. Wanaongoja zamu nao hutazama, na wakiona mwenzao ametendewa vibaya hukwepa. Ndiyo maana msafishaji hulazimika kulinda jina lake. Yuko pia tapeli wa samaki wa jamii nyingine, Aspidontus taeniatus, anayefanana naye kwa rangi na mwendo. Huyo akikaribiwa huweza kung'ata mapezi na kutoroka.

Akiondolewa, nini hutokea?

Swali hili lilijibiwa katika kisiwa hichohicho cha Lizard. Watafiti waliwaondoa wasafishaji katika baadhi ya miamba midogo na kuhakikisha hawarudi kwa miaka minane na nusu. Miamba mingine iliachwa na wasafishaji wake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba miamba isiyo na wasafishaji ilikuwa na samaki wakaazi wachache kwa asilimia 37, na aina za samaki zilikuwa pungufu kwa asilimia 23. Samaki wachanga wanaotembea kutoka mwamba hadi mwamba nao walikuwa wachache.

Utafiti huo ulifanywa mbali na hapa, lakini samaki aliyechunguzwa ndiye huyuhuyu wa kwetu. Kwa mvuvi wa lema au mshipi, funzo lake ni kwamba samaki asiye na bei sokoni anaweza kuwa na mkono katika wingi wa samaki wenye bei.

Kwa nini tumlinde?

Msafishaji hutafutwa katika biashara ya samaki wa mapambo, wanaofugwa ndani ya vioo. Akiwa kifungoni, mara nyingi hudhoofika kwa kukosa chakula alichozoea. Mwambani, dume mmoja huishi na majike kadhaa. Dume akitoweka, jike mkubwa kuliko wote hubadilika na kuwa dume. Familia inaweza kuhimili pigo moja la namna hiyo, lakini wasafishaji wakichukuliwa mfululizo mahali pamoja, kibanda hubaki bila kinyozi.

Wakaazi wanakumbushwa mambo yafuatayo:

• Uvuvi wa samaki wa mapambo huhitaji leseni. Asiye nayo anavunja sheria.

• Juya la kukokota ufuoni na bunduki ya kuvulia samaki ni marufuku. Juya huvunja matumbawe, ambayo ndiyo makao ya msafishaji na wateja wake.

• Hairuhusiwi kuvua ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisite. Katika eneo jirani la Mpunguti, uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa.

• Nanga itupwe mchangani, wala si juu ya matumbawe. Wageni wanaopiga mbizi waelezwe wasikanyage mwamba wala kugusa samaki.

• Mvuvi akimpata msafishaji ndani ya lema au wavu, amrudishe majini mara moja angali hai.

Anayeona mwamba ukiharibiwa au samaki wa mapambo wakivuliwa kinyume cha sheria atoe taarifa kwa BMU ya bandari yake au kwa afisa wa uvuvi aliye karibu. Taarifa ikifika mapema, mwamba huweza kuokolewa kabla wasafishaji wake hawajaisha.