Maziwa Hayaoshi Ngozi

Kila msimu swali ni lile lile huku karibu na Ziwa Victoria, kuanzia Ahero na Kibos hadi Dunga: baada ya kupiga dawa shambani, mtu anywe maziwa mabichi au mala, na anywe kabla ya kazi au baada yake? Swali hili limekosewa tangu mzizi. Maziwa ya aina yoyote hayamkingi mpulizaji na sumu ya wadudu. Anayeyategemea yumo hatarini zaidi kuliko asiyeyanywa, kwa sababu ameshajiona salama, na mtu anayejiona salama huvua glavu mapema na kuivumilia pampu inayovuja.

Tufuate njia ya sumu yenyewe. Imani ya maziwa inachukulia kwamba dawa hushuka tumboni, ikakutana na mafuta ya maziwa na kunaswa humo. Lakini mkulima hainywi dawa, inamlowesha. Sehemu kubwa ya sumu inayompata hupenya kwenye ngozi, na nyingine huingia kwa pumzi. Vipimo vilivyofanywa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa kuwapaka watu kiasi kidogo cha parathioni, vilionyesha kwamba ngozi ya mkono chini ya kiwiko ilipitisha takriban asilimia 9, paji la uso 36, kwapa 64, na ngozi ya korodani karibu yote. Sasa mtazame mwanamume aliyebeba pampu ya lita 20 katika nyanya zake. Mpira wa kifuniko umechakaa, dawa inachuruzika mgongoni, inapita kiunoni na kulowesha suruali hadi mapajani, huku akifuta jasho la uso kwa mkono uleule uliokoroga dawa. Sumu hiyo imefika kwenye damu bila kupitia tumboni. Maziwa yaliyo tumboni yataikuta wapi?

Ikishaingia kwenye damu, sumu ya jamii ya oganofosfati, kama klopirifosi au dimethoeti, hukifunga kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi, ambacho kazi yake ni kuzima ishara ya neva ikishafika. Kikifungwa, ishara haizimiki: mboni za macho husinyaa, mate na machozi hutiririka, tumbo husokota, misuli hutetemeka, kifua hujaa majimaji. Hospitalini hutumika dawa ya atropini. Ndani ya maziwa hamna chochote cha kukifungua kimeng'enya hicho. Hata kwa aliyeimeza kweli, maziwa si msaada: mafuta yanaweza kuharakisha kufyonzwa kwa sumu zinazoyeyuka katika mafuta, na mgonjwa anayesinzia akinyweshwa kwa nguvu anaweza kutapika, matapishi yakaingia mapafuni.

Hapo hujibiwa: "Mimi hunywa miaka yote na ni mzima." Uzima huo hauthibitishi kazi ya maziwa. Sumu za jamii ya kabamati hukiachia kimeng'enya zenyewe baada ya saa kadhaa, kwa hiyo aliyekunywa maziwa na asiyekunywa wote wanaweza kuamka wazima. Tena, nani aliyezihesabu siku alizougua? Kuumwa kichwa, kichefuchefu, uchovu na jasho ni dalili ambazo huku kando ya ziwa zina jina tayari: malaria. Mtu humeza vidonge, akapumzika, akapata nafuu kwa sababu kesho yake hakushika pampu, kisha sifa zikagawanywa kati ya vidonge na maziwa. Kipimo cha malaria kikionyesha hamna ugonjwa, mgonjwa aulizwe jana alipulizia nini. Wengine husema vifaa vya kujikinga ni ghali. Pesa za maziwa ya msimu mzima hununua glavu za mpira na mpira mpya wa kifuniko.

Yaliyobaki ni mafupi. Nunua agroveti chupa iliyofungwa, yenye nambari ya usajili ya PCPB, bodi inayosimamia dawa za wadudu nchini Kenya, wala usikubali dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda. Soma ukanda wa rangi: nyekundu ndiyo kali zaidi, kisha njano, buluu, kijani. Pima kwa kikombe chenye alama, usikisie kwa kifuniko, wala usichanganye dawa mbili kama lebo haijasema. Vaa gambuti, suruali ikiwa juu yake. Pulizia asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaanza kuvuma, na usiguse mimea iliyochanua, maana nyuki wako kazini. Usioshee pampu mtoni wala kwenye mfereji: sumu za jamii ya pairethroidi huua samaki kwa kiasi kidogo sana, na mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifungia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya taarifa za uvuvi wa sumu. Zihesabu siku za kusubiri baada ya kupulizia, kabla sukuma wiki haijaenda sokoni Kibuye.

Na kichwa kikianza kuuma ukiwa kazini, acha papo hapo. Vua nguo zote, oga kwa sabuni na maji mengi, kisha nenda hospitali ukiwa na lebo ya dawa mkononi. Daktari atauliza ulishika nini, na lebo itamjibu hata kama wewe huwezi kusema.