Asidi, Besi na Wenza Wao: Mfano wa Magadi

Mwaka 1923 wanakemia wawili, Johannes Brønsted wa Denmark na Thomas Lowry wa Uingereza, kila mmoja kivyake, walieleza upya maana ya asidi na besi: asidi ni kitu kinachotoa protoni, yaani ioni ya hidrojeni (H⁺), ambayo ni atomu ya hidrojeni iliyopoteza elektroni yake, na besi ni kitu kinachoipokea protoni hiyo. Kabla yao, nadharia ya Svante Arrhenius wa Sweden iliitaka besi itoe ioni za hidroksidi (OH⁻) katika maji, sharti ambalo liliiacha amonia, isiyo na hidroksidi ndani yake, bila maelezo ya kuridhisha.

Asidi ikishatoa protoni, kinachobaki chaweza kuipokea tena, kwa hiyo huitwa besi mwenza wa asidi hiyo. Vivyo hivyo, besi iliyokwisha kupokea protoni hugeuka kuwa asidi mwenza. Kuzitambua jozi hizi ni kutafuta, kuvuka mshale wa mlinganyo, vitu viwili vinavyotofautiana kwa H⁺ moja tu, pamoja na chaji yake:

NH₃ + H₂O ⇌ NH₄⁺ + OH⁻

Hapa amonia imepokea, hivyo NH₄⁺ na NH₃ ni jozi, na maji, yaliyotoa, yana jozi yao na OH⁻. Wanafunzi wengi hukosea kwa kuoanisha vitu vilivyo upande mmoja wa mshale, ilhali hao ni watendaji wanaokabiliana, si wenza.

Mfano ulio tajiri zaidi umo katika magadi yanayovunwa Ziwa Magadi nchini Kenya, ambayo wapishi huyatia katika maharage ili yaive upesi, kwani fuwele zake hubeba kabonati (CO₃²⁻) na hidrojenikabonati (HCO₃⁻), jozi kamili ya besi na asidi mwenza wake. Yakiyeyushwa, kabonati hunyang'anya maji protoni na kuacha OH⁻, na ndiyo maana maji ya magadi huteleza mkononi:

CO₃²⁻ + H₂O ⇌ HCO₃⁻ + OH⁻

Magadi yakikamuliwa ndimu, mambo hugeuka, kwa sababu hidrojenikabonati, iliyokuwa asidi katika jozi yake na kabonati, sasa ni besi inayopokea protoni kutoka kwa H₃O⁺, yaani maji yaliyokwisha kupokea protoni ya asidi ya ndimu:

HCO₃⁻ + H₃O⁺ ⇌ H₂CO₃ + H₂O

Kwa hiyo haifai kukiita kitu asidi au besi kabla ya kutazama kinakabiliana na nini. Aidha, H₂CO₃ na CO₃²⁻ si wenza, ingawa hufanana sana kwa sura, kwa kuwa zinatenganishwa na protoni mbili. Povu linalofuata hutokana na H₂CO₃ kuvunjika kuwa maji na gesi ya kabonidioksidi, na katika hatua hiyo hakuna protoni inayotoka kwa mtoaji mmoja kwenda kwa mpokeaji mwingine, basi hakuna jozi ya kutafutwa.