Kitabu cha kaskazi na kinywaji chake

Upepo wa kaskazi ukishaingia, kuanzia Desemba hadi Machi, hakuna kazi ya maana inayofanyika pwani kati ya saa saba na saa kumi mchana. Feni inazungusha hewa ileile ya moto, na umeme ukikatika hata hiyo unaitamani. Saa hizo, kama ni Jumamosi, ndizo za kusoma. Tatizo ni kwamba koo nalo lina madai yake, na si kila kinywaji kinapatana na kila kitabu.

Wapo wanaooanisha kwa mandhari: riwaya ya Unguja, basi kinywaji cha Unguja. Mimi napima kwa mwendo. Kuna kinywaji kisichosubiri na kuna kinachovumilia kusahauliwa mezani. Vitabu navyo ni hivyohivyo.

Chukua juisi ya miwa. Inapotoka mashineni, tangawizi na ndimu vikiwa vimekamuliwa humohumo, ina rangi ya majani mabichi. Iache kidogo tu, inaanza kugeuka kahawia na ule uchangamfu wake unapotea. Ndimu huchelewesha mambo, haizuii. Juisi hii inataka riwaya ambayo nayo haitaki kusubiri, na hapo namtaja Adam Shafi bila kusita. Katika Vuta N'kuvute (1999), Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza, mwanamume wa kumzaa, anaikimbia ndoa na baadaye anajikuta upande wa Denge, kijana anayesakwa na serikali ya kikoloni. Hata aliyekwisha kuiona filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 atapata humo mengi ambayo sinema haikuwa na nafasi nayo. Kuli (1979), ya mwandishi huyohuyo, siipi juisi. Ukisoma habari za wapagazi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948, utamu mdomoni unakuwa kama dhihaka. Maji ya mtungi yanatosha.

Kwa hadithi za upelelezi, ukwaju. Hapa nina ubishi na wauzaji wengi, maana siku hizi unauziwa sukari iliyotiwa ukwaju kidogo. Roweka ukwaju kwenye maji ya uvuguvugu, uache ulainike, kisha uuvuruge kwa mkono mpaka kokwa zitengane na nyama, na uchuje. Sukari itiwe kwa woga. Iliki mbili tatu zilizotwangwa zinatosha, na baada ya hapo ni kazi ya barafu. Ukwaju wa namna hii haugugumiwi: ukali wake unakulazimisha unywe funda dogo, utulie, urudie. Ndivyo Muhammed Said Abdulla anavyotaka asomwe. Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda shindano la uandishi la mwaka 1957-58 na kuchapishwa 1960, ndiyo iliyomleta Bwana Msa na kiko chake. Kisima cha Giningi ikafuata mwaka 1968. Humo dalili zimetawanywa katikati ya maongezi ya kawaida kabisa, na msomaji mwenye haraka anazipita. Bwana Msa mwenyewe hana haraka. Anavuta kiko, anauliza jambo linaloonekana la kipuuzi, ananyamaza. Ukinywa ukwaju unaenda naye sawa.

Dafu lina shida yake: haliwekeki chini. Likishakatwa, mkono mmoja hauna kazi nyingine mpaka maji yaishe, halafu ndipo lipasuliwe ule nyama yake laini kwa kipande cha ganda. Kwa hiyo kitabu chake lazima kiwe chembamba, cha kushikika kwa mkono uliobaki, na kiwe na vituo. Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) inafaa mno. Karama anashitakiwa katika nchi inayoelea angani, na utetezi wake unapitia habari za wajumbe sita waliotumwa huko na huko kutafuta manufaa ya nchi, wakarudi wakaambulia adhabu. Dafu moja, mjumbe mmoja. Usijaribu kuwamaliza wote sita siku moja. Tumbo litakushitaki wewe.

Nagona ya Euphrase Kezilahabi (1990) ni nyembamba pia, lakini usidanganyike. Hiyo naisoma na juisi ya ubuyu, kwa sababu ubuyu hutuama chini ya gilasi na kila mara lazima usimame ukoroge. Kusimama huko ndiko kunakotakiwa: unainua macho, unakoroga, unarudia ukurasa uleule.

Peponi ni kitabu cha jagi. Ni tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobel. Safari ya kijana Yusuf na msafara wa Aziz kwenda bara ni ndefu, na majira haya maembe yamejaa sokoni. Saga embe dodo, usiongeze sukari hata chembe, weka jagi kwenye friji na uwaambie watoto ni dawa.

Choya nimeiacha makusudi. Ni tamu, inapoza, na wekundu wake ukidondokea ukurasa hautoki tena. Kitabu cha kuazima kisikaribie. Gilasi yoyote yenye barafu pia hutoa jasho, na karatasi za matoleo ya zamani hunyonya upesi. Iweke kwenye kigoda kilicho chini kuliko kitabu.

Kuna watakaosema haya yote ni usumbufu, soda baridi inatosha. Soda ina nafasi yake. Ni kinywaji cha kusomea gazeti, hili likiwemo.