Mbwa Kikojozi: Ni Ukaidi au Ni Maradhi?

Mwenye mbwa huamka asubuhi akakuta gunia analolalia mnyama wake limelowa chepechepe. Jana lilikuwa hivyo hivyo, na juzi pia. Mbwa huyo si mtoto. Amekwisha kulinda nyumba kwa miaka sita, na tangu alipokuwa mdogo alizoea kwenda kukojoa uani, mbali na mahali pake pa kulala. Neno la kwanza kumtoka mwenye mbwa ni “kikojozi”, na baada ya neno hufuata fimbo.

Sayansi hutanguliza swali mahali pa fimbo: kwa nini mnyama aliyelala pakavu kwa miaka sita ameanza kulowa sasa? Swali la namna hiyo, lilipoulizwa kwa makini katika maabara moja ya Ulaya mwaka 1889, lilifungua njia iliyookoa maisha ya mamilioni ya watu. Lakini kabla ya kufika huko, yafaa kwanza kueleza jinsi mkojo unavyotengenezwa na jinsi unavyozuiwa.

Figo na kibofu

Kazi huanzia katika figo. Damu hupita katika vichujio vidogo sana viitwavyo nefroni, ambavyo katika kila figo moja la mbwa hufikia laki kadhaa. Maji, chumvi, sukari na takataka za mwili huchujwa kutoka katika damu. Kisha sehemu kubwa ya maji hayo, na takriban sukari yote, hunyonywa tena na kurudishwa katika damu. Kinachobaki ndicho mkojo. Kiasi cha maji yanayorudishwa huongozwa na homoni itokayo katika tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo. Homoni hiyo ikipungua, au figo zikishindwa kuitii, mkojo huwa mwingi na mwepesi kama maji.

Kutoka katika figo mkojo hushuka kwa mirija miwili iitwayo ureta hadi katika kibofu. Kibofu ni mfuko wenye kuta za misuli, na kwenye shingo yake pana msuli wa mviringo ubanao njia, mfano wa kamba inayofunga mdomo wa mfuko. Kibofu kinapojaa, kuta zake hutanuka, na mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye uti wa mgongo na ubongo. Mnyama mzima huweza kuahirisha haja yake hata akiwa usingizini, kwa kuwa msuli huo hubaki umebana pasipo yeye kuufikiria.

Kwa hiyo malalo ya mbwa hulowa kwa njia kuu tatu: ama mbwa amekojoa akiwa macho kwa sababu ya umri, mazoea au hofu; ama kibofu kimezidiwa; ama mlango wa kibofu umelegea. Anayetazama gunia peke yake hawezi kutofautisha njia hizo. Tofauti huonekana kwa kumtazama mbwa.

Namna tatu za kulowesha malalo

Namna ya kwanza huonekana zaidi kwa watoto wa mbwa. Mtoto wa mbwa mwenye umri wa miezi miwili hana uwezo wa kujizuia usiku kucha. Huyo hahitaji dawa, bali mafunzo: atolewe nje kila aamkapo, kila amalizapo kula na kabla ya kulala, na asifiwe pale pale anapomaliza haja yake. Wako pia mbwa wachanga wanaojikojolea wanapokaripiwa au wanaposogelewa na mtu wanayemwogopa. Kwa hao, kila pigo huongeza kojo. Hali ni tofauti kwa mtoto wa mbwa anayechuruzika mkojo mchana na usiku tangu kuzaliwa, kwani huenda ureta yake imejiunga mahali pasipo pake na kuupita mlango wa kibofu. Kasoro hiyo husahihishwa kwa upasuaji.

Namna ya pili ni kibofu kuzidiwa. Vijidudu vinapoingia ndani ya kibofu, kuta zake huvimba na kuwasha. Mbwa hukojoa kidogo kidogo, mara nyingi, pengine pamoja na damu. Au mkojo wenyewe huwa mwingi kupita kiasi, kama itokeavyo katika ugonjwa wa figo na katika kisukari. Mbwa jike ambaye hakuondolewa kizazi, akianza kunywa maji mengi na kupoteza hamu ya chakula wiki chache baada ya kupita siku zake za joto, huenda mfuko wake wa uzazi umejaa usaha. Hiyo ni hatari ya kifo, na haingoji kesho.

Namna ya tatu ni kulegea kwa msuli wa mviringo. Mbwa wa namna hii hukojoa vizuri anapokuwa macho, bali huvuja anapolala, na huamka akiwa hana habari. Huonekana zaidi kwa majike makubwa walioondolewa ovari, na huweza kuanza miezi au hata miaka kadhaa baada ya upasuaji. Homoni ya estrojeni, itokayo katika ovari, husaidia msuli huo kubana. Ikiondoka, baadhi ya majike hulegea. Tafiti mbalimbali zimetoa viwango vya kati ya majike 5 na 20 katika kila 100 waliofanyiwa upasuaji huo. Habari njema ni kwamba wengi wao hupata nafuu kubwa kwa dawa zinazokaza msuli, kama vile fenilpropanolamini, zinazotolewa kwa kipimo cha daktari wa mifugo.

Mbwa wa Strasbourg

Mwaka 1889, katika mji wa Strasbourg, ambao wakati huo ulikuwa chini ya Ujerumani na sasa umo Ufaransa, wanasayansi wawili, Oskar Minkowski na Joseph von Mering, walitaka kujua kazi ya kongosho katika kumeng’enya mafuta. Minkowski alimpasua mbwa mmoja na kuiondoa kongosho yake yote. Mbwa alipona jeraha, lakini lilizuka jambo ambalo halikutazamiwa. Ingawa alikuwa amefundishwa adabu za ndani ya nyumba, alianza kukojoa sakafuni mara kwa mara.

Inasimuliwa kwamba mtumishi wa maabara alilaumiwa kwa kutomtoa mbwa nje. Alijibu kwamba alimtoa, ila mbwa alikuwa akikojoa tena mara tu arudipo ndani. Huo ndio mwanzo wa ugunduzi. Minkowski aliupima mkojo ule na kukuta umejaa sukari. Hakuridhika na mbwa mmoja. Alirudia upasuaji kwa mbwa wengine ambao mkojo wao hapo awali haukuwa na sukari, naye akapata matokeo yale yale. Kongosho ilipoondolewa, kisukari kilitokea.

Sababu yake huelezwa kwa somo la osmosisi lifundishwalo shuleni. Kongosho hutoa insulini, homoni inayoziwezesha chembe hai za mwili kuipokea sukari. Insulini ikikosekana, sukari hurundikana katika damu. Kwa mbwa, ikipita miligramu 180 hivi kwa kila desilita ya damu, figo hushindwa kuirudisha yote, na sukari humwagika katika mkojo. Sukari hiyo huvuta maji pamoja nayo. Basi mkojo huwa mwingi, mwili hukauka, na mnyama hushikwa na kiu isiyokatika. Kwa hiyo mbwa hakojoi sana kwa sababu anakunywa sana. Anakunywa sana kwa sababu anakojoa sana.

Miaka 32 baadaye, mwaka 1921, Frederick Banting na Charles Best, wakifanya kazi katika maabara ya J. J. R. Macleod mjini Toronto, Kanada, walitumia tena mbwa kutafuta ile dutu ya kongosho. James Collip aliisafisha. Mwezi Januari 1922 alidungwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa akifa kwa kisukari. Sindano ya kwanza, ya tarehe 11, haikufaa. Ile ya tarehe 23, iliyokuwa safi zaidi, ilishusha sukari yake. Aliishi miaka 13 zaidi. Mbwa wa majaribio yale hawakuishi, na ni haki kukumbuka gharama hiyo.

Kupima kabla ya kuhukumu

Mwenye mbwa hahitaji maabara ili kuanza uchunguzi. Ahitaji chombo cha kupimia, daftari na subira. Kwa muda wa saa 24 mbwa apewe maji yaliyopimwa, asipate maji mengine popote, kisha yapimwe yaliyosalia. Mbwa mwenye afya kwa kawaida hanywi zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mbwa wa kilo 15 akinywa zaidi ya lita moja na nusu, siku baada ya siku, ana jambo. Joto kali na kazi nyingi huongeza kiu, kwa hiyo kipimo kirudiwe siku tatu. Pamoja na hayo yaandikwe mambo manne: hali hiyo ilianza lini, hutokea mbwa akiwa macho au usingizini, mkojo ni mwingi au ni matone, na je, mbwa amekonda, ana homa au anakojoa damu? Daftari la namna hiyo, likifikishwa kwa daktari wa mifugo, humfaa kuliko maneno mengi.

Yako mambo mawili ya kujihadhari nayo. La kwanza, mbwa asinyimwe maji ili asikojoe. Mwenye kisukari au ugonjwa wa figo anaweza kufa kwa kukaukiwa. La pili, mkojo wa mbwa unaweza kubeba bakteria wa leptospira, ambao hudhuru figo za mbwa na huingia pia katika mwili wa mtu kupitia michubuko ya ngozi, macho au mdomo. Malalo yafuliwe kwa sabuni huku mikono imefunikwa, kisha yaanikwe juani yakauke kabisa. Kwa sababu hiyo hiyo mkojo wa mbwa usiletwe katika maabara ya shule. Wanafunzi wajifunze kipimo cha Benedict kwa maji yaliyotiwa glukosi, na kipimo cha mkojo wenyewe kiachwe kwa mtaalamu.

Na fimbo je? Mbwa anayepigwa asubuhi kwa jambo lililotokea akiwa amelala hawezi kuunganisha pigo na kosa. Anachojifunza ni kumwogopa mpigaji.

Fundisho hili halikomei kwa mbwa. Katika mabweni ya shule hutokea mwanafunzi ambaye kwa miaka mingi hakukojoa kitandani, kisha ghafla akaanza. Wenzake humcheka, naye huona aibu na kuficha shuka. Lakini ikiwa pia anakunywa maji mfululizo, anaamka usiku mara kwa mara na kukonda ingawa anakula, dalili hizo ni zile zile alizozionyesha mbwa wa Strasbourg. Mwanafunzi huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo apimwe sukari, kwani kisukari cha vijana kisichotibiwa huua upesi, na insulini ipo. Kwake yeye, tofauti kati ya mwalimu anayeuliza “tangu lini?” na mwalimu anayesema “kikojozi” yaweza kuwa ni uhai wenyewe.