Elfu thelathini za bendi: pa kuzitia na pa kuzinyima

Bendi ya watu wanne mjini Nyeri imechanga Sh30,000. Ina nyimbo sita za panki, nyingi hazifiki dakika tatu. Desemba iko karibu, watu watarudi nyumbani kutoka Nairobi, na bendi inataka kuwa na kitu cha kuwauzia. Pesa hizo ziende wapi?

Jibu langu ni hili: nusu iingie kwenye kurekodi na kumiksi, robo na ushee kwenye fulana, na iliyobaki ikae kwenye simu ikingojea ada ambazo hakuna aliyekutajia. Santuri, CD na kile kinachoitwa promosheni visubiri.

Bei za studio, nauli na uchapaji nilizoweka hapa ni za mfano tu, maana kila mwenye duka ana yake na hushuka ukijua kubembeleza. Weka bei za kwenu mahali pa zangu ufanye hesabu upya.

Hasara kubwa huanza kabla hata gitaa halijachomekwa, pale bendi inapokubali bei ya kila wimbo. Studio nyingi za Nyeri, Karatina, Kerugoya na Nanyuki zimezoea mwimbaji wa injili anayekuja na sauti yake tu, biti ikitengenezwa kwa kompyuta, au mpiga mugithi mwenye gitaa moja na kinanda kinachompigia dramu. Kwa kazi hiyo bei ya wimbo ni ya haki. Kwa bendi ya nyimbo fupi ni kutupa pesa. Studio ikidai Sh5,000 kwa wimbo, nyimbo sita zimemaliza mchango wote na hamjachapa hata stika. Studio hiyo hiyo ikikupa siku nzima kwa Sh10,000, mnaweza kupiga zote sita wote kwa pamoja, mara mbili mbili, kabla jua halijatua. Kazi nzito ni kuweka maikrofoni kwenye dramu, nayo hufanywa mara moja tu. Kwa hiyo omba bei ya siku. Akikataa, tafuta mwingine.

Kabla ya kulipa arubuni, uliza kama saa mbili za kupanga dramu zinahesabiwa ndani ya siku yenu. Uliza pia kama kumiksi kuna malipo yake, ni mara ngapi mnaruhusiwa kuomba marekebisho, na umeme ukipotea katikati ya kazi hasara ni ya nani. Hilo la mwisho si dogo katika miji yetu. Likubaliwe kwa ujumbe wa simu ili liwe na ushahidi. Beba diski yenu, na msiondoke bila faili za kila ala, kila moja peke yake. Siku mtakapopata pesa za kumiksi upya kwa fundi bora, faili hizo zitawaokoa msirudie kurekodi.

Je, muende Nairobi? Huko ndiko kuna mafundi waliozoea gitaa zenye fujo, kwa sababu bendi nyingi za panki na metali za Kenya zimekulia huko. Lakini piga hesabu yote. Nyeri hadi Nairobi ni kama kilomita 150. Nauli ikiwa Sh500, watu wanne kwenda na kurudi ni Sh4,000, kabla ya chakula, kabla ya konda kudai malipo ya gitaa lililokalia kiti, na kabla ya kulala ikiwa kazi imevuka usiku. Desemba nauli hupanda. Mimi ningerekodi karibu na nyumbani, kisha nikatuma faili kwa fundi wa Nairobi azimiksi. Faili hazilipi nauli.

Dramu ndizo huisumbua bendi ya mashambani kuliko kitu kingine chochote. Seti nzuri nyingi za eneo hili ziko makanisani, na kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa hazina kazi. Kama mmoja wenu hupiga dramu kanisani Jumapili, amwendee mzee wa kanisa kwa heshima, aeleze ukweli wote kuhusu muziki wenu, atoe mchango na aombe nusu siku. Ukumbi wenye mwangwi mkali utulizwe kwa mazulia na mablanketi mazito ukutani. Njia hii hugharimu kidogo kuliko siku ya studio, mradi mna mtu mwenye saundikadi yenye njia nne au zaidi. Ile ya njia mbili inatosha gitaa na sauti, lakini kwa dramu itawaangusha.

Mkikosa kabisa, ondoeni mpiga dramu kwenye hesabu. Duma, wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, walijenga ukali wao juu ya midundo ya kompyuta, na albamu yao ikatolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Hakuna aliyesema muziki ule ni mwepesi. Watu wawili na kompyuta ni nauli mbili, na hakuna seti ya kukodisha. Ila msikae mkingojea lebo ya namna hiyo iwaokote. Ikija ni heri, lakini Desemba haitaingoja.

Kama pesa hazitoshi nyimbo sita, toeni mbili. Crystal Axis, bendi ya panki ya Nairobi, imetoa nyimbo kama "Leopold" na "Nyayo House" zikiwa moja moja, na kila moja inasimama kwa miguu yake. Nyimbo mbili zenye sauti safi zitawafaa kuliko sita zinazosikika kama zimerekodiwa ndani ya pipa.

Sasa kutoa. Ili wimbo ufike kwenye majukwaa ya kusikiliza, lazima upitie kwa msambazaji wa mtandaoni, na hapa kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni ada ya mwaka, kama dola 25, yaani Sh3,250 hivi, na unapakia nyimbo nyingi utakavyo. Inavutia, lakini mwaka ukiisha usipolipa, nyimbo zako zinaweza kuondolewa. Kuzuia hilo kuna ada nyingine, ya kila singo au albamu, ambayo huzidi hata ile ya mwaka. Tena kifurushi cha bei ya chini mara nyingi hakikuruhusu kuchagua tarehe ya kutoa, na bendi inayopanga onyesho la uzinduzi inaihitaji hiyo tarehe.

Njia ya pili ni kulipa mara moja, kama dola 10 kwa kila toleo, na msambazaji anakata asilimia 9 ya mapato. Kwa bendi itakayotoa kazi moja au mbili kwa mwaka, hii ndiyo ya kuchukua. Miaka mitano ya ada ya kila mwaka ni zaidi ya Sh16,000. Malipo ya mara moja ni kama Sh1,300. Hiyo asilimia 9 ya mapato madogo haiumi.

Na mapato yatakuwa madogo. Tangu 2024, jukwaa kubwa la Uswidi, lililofika Kenya mwaka 2021, halilipi chochote kwa wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12. Kwenye mtandao mkubwa wa video, kabla ya kulipwa sehemu ya matangazo kwa kawaida unahitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa kwa mwaka. Ukishafika, sehemu inayotokana na watazamaji wa Marekani hukatwa kodi ya asilimia 30, kwa kuwa Kenya haina mkataba wa kodi ya mapato na nchi hiyo. Usipojaza fomu yao ya kodi, wanaweza kukata asilimia 24 ya mapato yako ya dunia nzima. Ijazeni siku mnayofungua akaunti.

Atajitokeza mtu wa kuwauzia wasikilizaji: elfu kumi kwa Sh2,000, au zaidi. Msimpe hata shilingi. Majukwaa hugundua usikilizaji wa kununua, huufuta, na humtoza faini msambazaji, ambaye anaweza kuwashushia nyinyi mzigo au kuondoa wimbo kabisa.

Kuna njia inayowafaa zaidi wanamuziki wadogo: mtandao ambako msikilizaji ananunua albamu moja kwa moja kwa bendi. Mtandao mkubwa wa aina hiyo haudai ada ya kuanza. Unakata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, kisha kuna ada ya malipo. Albamu ikiuzwa dola 7, mtabaki na zaidi kidogo ya dola 5. Bendi changa ingehitaji wimbo usikilizwe zaidi ya mara elfu moja ili ipate hizo. Mjukuu wa Joseph Kamaru, yule gwiji wa Kangema aliyefariki 2018, anayejulikana kwa jina KMRU, alitumia njia hii kutoa upya rekodi za babu yake. Kama imebeba nyimbo hizo za miongo iliyopita, itabeba na zenu.

Angalieni tu pesa zinavyotoka. Hulipwa kwa dola kwenye pochi ya mtandaoni, kisha zinahamishiwa kwenye simu. Siku ya kuhamisha, linganisha kiwango wanachokupa cha dola na kile cha Benki Kuu. Tofauti hiyo ni makato, hata kama hayajaandikwa popote. Afadhali kuziacha zikusanyike mzihamishe mara moja badala ya kidogo kidogo.

Kwa wasikilizaji wa hapa nyumbani hamhitaji dola. Wimbo mmoja kwa Sh100, pesa zinatumwa kwa simu na faili inarudi kwa ujumbe. Kutuma Sh100 au chini ni bure kwenye M-Pesa, kwa hiyo mnunuzi halipi zaidi. Mkipandisha bei hadi Sh120 mmemwongezea ada.

Vitu vya kushika mkononi nitavipitia haraka. CD ni rahisi kuchoma, lakini kompyuta mpya hazina pa kuiingiza. Kaseti inapendeza, wenye mashine ya kuichezea ni wachache. Santuri hutengenezwa nje, na viwanda vingi havianzi chini ya nakala 100. Bandarini au uwanja wa ndege unakuta ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16, ada ya tamko la uagizaji na ushuru wa reli, vyote vikipigwa hadi kwenye gharama ya usafiri. Msiiguse kwa Sh30,000. Flash ndiyo inayochezwa kwenye matatu, kwenye baa na kwenye spika ya mwendesha boda. Nunueni chache, muwape watu hao bure.

Kinachorudisha pesa ni fulana, na hapa niwe na subira kidogo. Uchapaji wa skrini una gharama ya kuanza: kila rangi ina skrini yake, na kila skrini hulipiwa. Chukulia skrini ni Sh1,500, fulana nyeusi ya mtumba iliyochaguliwa vizuri ni Sh250, na kuchapa ni Sh100 kwa kila rangi kwenye kila fulana. Fulana 20 za rangi moja ni Sh8,500, yaani Sh425 kila moja. Ziuze Sh800, mmepata faida ya Sh7,500. Ongeza rangi ya pili, na kila fulana imefika Sh600; faida imeshuka hadi Sh4,000. Nembo nyeupe juu ya nyeusi, basi. Panki haijawahi kuhitaji zaidi.

Stika ya kupigwa pasi kwa mashine haina gharama ya skrini, kwa hiyo inafaa mkitaka fulana tano tu. Ila hubanduka mapema, na mteja atawakumbuka kwa hilo.

Muulize mchapaji wa skrini wino wake anaukaushaje. Ule wa plastiki, unaotumiwa sana, hauivi kwa kuanikwa juani. Unahitaji joto la kama nyuzi 160. Omba fulana moja ya majaribio. Ivute mahali palipochapwa: wino ukipasuka kama tope kavu, haujaiva. Ifue kwa maji moto na sabuni ya unga usiku huo huo. Ikistahimili, toa oda iliyobaki. Fanyeni hivi mapema Novemba, kwa sababu mwezi unaofuata wachapaji wamejaa kazi za harusi na mikutano ya familia, na bei hupanda.

Linabaki suala la umiliki. Prodyuza akiwaambia hatawatoza ila mgawane nusu kwa nusu, hesabuni miaka. Kenya, haki ya rekodi ya sauti hudumu miaka 50. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 humtazama yule aliyefanya mipango ya kurekodi kama mwenye rekodi, kwa hiyo atakayelipia kila kitu ana hoja ya kuidai yote. Lipeni wenyewe, hata ikiwa wimbo mmoja tu. Risiti iandikwe jina la bendi, ujumbe wa malipo uhifadhiwe, na karatasi ya mistari mitatu isainiwe: bendi imelipa, bendi ndiyo mwenye rekodi, prodyuza amemalizana nayo. Kusajili kazi kwenye Bodi ya Hakimiliki ya Kenya kupitia eCitizen si sharti la kuwa na haki, lakini ni ushahidi mzuri mkigombana.

Na wenyewe kwa wenyewe, andikianeni pia nani anapata asilimia ngapi, na akiondoka anaondoka na nini. Fanyeni hivyo kabla ya siku ya studio, wakati hakuna pesa ya kugombania na bado mnaitana ndugu.