«Benefits»: neno moja la Kiingereza, haki na hisani kwa Kiswahili

Neno la Kiingereza «benefits» hujitokeza mara kwa mara katika taarifa za serikali, waajiri na mashirika ya misaada. Aghalabu hufasiriwa kwa neno moja tu: faida. Kwa msikilizaji wa Gitaza au Rumonge, tafsiri hiyo yaweza kupotosha habari nzima.

Kwa mchuuzi wa mawese au ndagala, faida ni kile kinachobaki baada ya kuondoa mtaji na gharama. Warundi huiita inyungu. Mwezi Machi 2015, maporomoko ya ardhi yalibomoa nyumba huko Gitaza na kuifunga barabara ya Bujumbura–Rumonge. Kutangaza kwamba waliopoteza makazi «watapata faida» ni sawa na kudai kuwa msiba umewatajirisha. Kinachotolewa kwa hisani ni msaada. Kinacholipwa na mwenye dhamana ya hasara ni fidia. Msaada hupokewa kwa shukrani, fidia hudaiwa.

Mafao, neno litokanalo na kitenzi kufaa, ni malipo ya hifadhi ya jamii: mfanyakazi anapostaafu au kuumia kazini, au familia yake anapofariki. Nchini Burundi, taasisi ya INSS huyasimamia kwa wafanyakazi wa sekta binafsi. Kwa kuwa michango ilikwishakatwa, mafao ni haki.

Marupurupu ni nyongeza juu ya mshahara, kama vile nyumba, gari au posho. Neno hili hunukia anasa za wakubwa, hivyo kuliambatisha na pensheni ya mjane ni kumvunjia heshima.

Maslahi ni mambo ambayo mtu au kundi lina sababu ya kuyatetea, mathalani maslahi ya wavuvi.

Manufaa ni pana zaidi, nayo hayapimwi kwa fedha pekee. Kirundi husema akamaro. Tangu Mei 2006, Burundi ilipoondoa malipo ya kujifungua na ya matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano, kina mama wamekuwa wanufaika wa huduma hiyo, si wapata faida.

Basi, usikiapo habari ya aina hii, jiulize: nani anatoa, kwa sababu gani, na je, anayestahili akinyimwa aweza kudai? Jibu ndilo litakalokuonyesha neno sahihi.